Karani Kichwani kwa Mkwe

Siku watu wa Asembo walipokuja kumwona binti yangu Nasambu, shida yangu haikuwa samaki wala wali. Shida yangu ilikuwa nimweke wapi Karani.

Karani ni kasuku. Marehemu mume wangu, Khaemba, alikuwa mpishi katika meli ya ziwani, na safari moja ya kutoka upande wa Uganda alishuka gatini ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na ndani ya kofia kulikuwa na ndege wa kijivu aliyekunja uso kama askari wa forodha. Khaemba akamwita Karani kwa sababu ya lile koti la kijivu, na kwa sababu ndege aliongea kutwa nzima bila kuinua mzigo. Mkia wake ni mwekundu. "Hiyo ni tai," Khaemba alisema, "ila ameivaa nyuma."

Bwana alipomwita Khaemba, nyumba yetu ya Kaloleni, hapa Kisumu, ikabaki na watu watatu, na Karani namhesabu. Nasambu alikuwa akifundisha shule ya watoto wadogo, basi mchana mimi nashona, Karani anaongea. Nikisali ananiitikia, "Amina." Nikinyamaza sana ananiuliza, "Chai iko wapi?" Mjane anayeulizwa chai nyumbani kwake hapati nafasi ya kulia.

Kumtunza si kazi ya nguvu, ni kazi ya macho. Maji mapya kila asubuhi, mahindi mabichi, sukuma wiki, njugu zisizo na chumvi. Chai hapewi, hata akiiuliza kwa adabu. Mabawa yake sikuyakata, kwa maana kasuku asiyeruka hunyong'onyea na kuanza kujinyonyoa manyoya. Badala yake nafunga mlango na madirisha kwanza, ndipo namfungulia azunguke chumbani. Na avokado, hapana kabisa. Kuna bibi mmoja wa Kihindi niliyekuwa nikimshonea, alikuwa na kasuku mzuri kuliko wangu. Mtumishi akampa kipande cha avokado, kwa wema tu, na jua halikuzama ndege akiwa hai. Tangu siku hiyo nikiona avokado naona jeneza dogo.

Sasa, siku ya wageni. Jikoni Karani asingekaa, kwa sababu moshi wa makaa ambao mimi hunitoa machozi tu, yeye humwangusha chini. Chumbani asingekaa, Nasambu alikuwa mle akijipulizia manukato kana kwamba anaua mbu. Nje ndiyo kabisa: mwewe wa Kisumu hunyakua nyama mkononi mwa mtu anayelipa, sembuse ndege aliyefungiwa tayari kwenye sahani. Ikabaki sebuleni, kona ya mbali na dirisha, upepo wa ziwa usimfikie.

Shemeji yangu Wakhisi akaja mapema, akaona tundu la Karani, akasimama mlangoni na kofia kichwani.

"Mama Nasambu, hiyo ni nini?"

"Shemeji, si ni Karani."

"Najua ni Karani. Nauliza anafanya nini kwenye mkutano wa wakwe."

Wakhisi ndiye mdogo wake Khaemba, na ndiye aliyesimama mahali pa baba siku ile. Ni mtu wa heshima na sauti nzito. Alianza kama taniboi, utingo wa lori la miwa, akapanda mpaka akapewa usukani, na tangu apewe usukani huwa anaketi hata kanisani kana kwamba mbele kuna kioo.

Nikamweleza habari za moshi, manukato na mwewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Lakini sikiliza. Akituaibisha mbele ya wageni, leo hiihii namchukua. Rafiki yangu ana hoteli pale stendi, amekuwa akimtaka siku nyingi amtundike mlangoni."

Hoteli ile naijua. Moshi wa sigara, moshi wa nyama, na walevi wanaomwaga pombe hata kwenye maua ili yachangamke. Karani hangemaliza mwezi pale. Lakini mwenye nafasi ya baba alikuwa amesema.

"Sawa, shemeji," nikasema. Nikaenda kumnong'oneza Karani, "Mwanangu, leo nyamaza."

Karani akasema, "Hodi!"

Wageni walifika jua likiwa limesimama. Alikuwepo Mzee Absalom, amu wa kijana aliyekuja kuposa, mrefu, na koti alilolivaa lilikuwa la mtu mrefu kumpita. Alikuwepo Mama Dorca, shangazi wa kijana, mchuuzi wa samaki kule Asembo Bay, mama mnene mwenye kicheko kinachotangulia mwili. Na alikuwepo Gordon mwenyewe, mchumba, karani wa posta, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likaogopa, na kichwani nywele za mtindo wa siku zile, za duara, kubwa kama kikapu cha pamba.

Mimi haya yote niliyaona kupitia tundu la pazia. Kwa maana kwetu Wabukusu mama mkwe haketi chumba kimoja na mkwe wake wa kiume. Hali naye, hampi mkono, hamtazami uso kwa uso, na kumgusa ndiyo haisemeki. Wajaluo, watu wa Gordon, nao wana heshima hiyohiyo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumfundisha mwenzake. Gordon aliposikia kijiko kikianguka jikoni alijua ni mimi, akageuza uso ukutani kwa adabu mpaka nikampenda. Mimi na jirani yangu Milka tulikuwa jikoni, mlango wa kuingia sebuleni umefunikwa kwa pazia, na jicho langu moja halikuondoka pale.

Salamu zikaanza. Mama Dorca akasalimia kila mtu kwa mkono, akazunguka, akafika kwenye tundu.

"Hodi!" Karani akasema.

"Uwi!" Mama Dorca akaruka. "Huyu anaongea? Bwana Wakhisi, na huyu ni wa hapa?"

"Ni ndege tu, Mama," Wakhisi akajibu. "Mwache."

"Nimwache aje? Mtu amenipigia hodi nimwache?" Akaingiza vidole kwenye waya, akaona haitoshi. "Hapana, mtu hasalimiwi kupitia waya kama mahabusu." Akafungua kimlango, akaingiza mkono mzima, na Karani, ambaye Khaemba alimfundisha kutoa mguu, akampa mguu. Mama Dorca akautikisa. "Habari ya siku, Baba?"

Nyuma yangu Milka alikuwa ameziba mdomo kwa aproni.

"Funga tundu," nikanong'ona kuelekea sebuleni. "Mungu wangu, afunge tundu." Lakini Mama Dorca akakirudisha kile kimlango kwa ncha ya kidole tu, bila kukitia kikulabu. Niliona. Niliona, na sikuweza kuvuka pazia.

Wakhisi akaomba tusali. Sala za Wakhisi zinajulikana. Huanzia kuumbwa kwa nuru, zikapitia kwa manabii, ndipo zikashuka polepole mpaka Kisumu. Akainamisha kichwa, sote tukainama, mimi huku jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa bado kwenye maji na nchi kavu Karani akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba maneno:

"Amina."

"Amina!" wageni wakaitikia, wakafumbua macho, wakaketi sawasawa. Mzee Absalom akavuta kiti karibu na meza.

"Sijamaliza," Wakhisi akasema.

"Ah. Samahani. Tulidhani."

Wakainama tena. Wakhisi akarudi nyuma kidogo kama mtu anayetafuta gia, akaanza upya na nuru.

"Amina," Karani akasema.

Mama Dorca hakufumbua macho, lakini mabega yake yalianza kutikisika, na kiti kikatikisika, na kikombe mezani kikalia kli-kli-kli. Mara ya tatu Wakhisi aliomba kwa kasi niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake: Bwana, chakula, wageni, baraka, Amina. Akamwahi Karani kwa neno moja. Mzee Absalom akasema, "Sala nzuri. Imenyooka." Wakhisi akaangalia kwenye pazia, mahali jicho langu lilipokuwa, kama mtu anayemkatia Karani tiketi ya kwenda hotelini.

Milka akapeleka chakula, kisha akanirudia. Samaki ngege wa kukaanga na wa mchuzi, ugali, wali, mboga. Na Mama Dorca akafungua kikapu chake akatoa zawadi alizoleta kutoka nyumbani: ndizi mbivu, karanga, na avokado. Avokado kubwa, nyeusi, laini. Akazipasua palepale mezani kwa kisu cha samaki.

"Milka," nikasema, "nishike."

"Nikushike wapi?"

"Popote. Angalia."

Mama Dorca alikuwa amemaliza kugawa. Mzee amepata, Wakhisi amepata, Gordon amepata juu ya ngege wake. Akatazama huku na huku, kama anavyofanya mtu aliyelelewa vizuri, kuona kama kuna aliyerukwa. Macho yake yakatua kwenye tundu.

"Na huyu Baba je? Tunakula anatuangalia?" Akachomoa kipande kinono kwa kidole gumba.

Ningefanya nini? Kupiga kelele mbele ya wakwe ni aibu, ni kama mwenye nyumba ananyima wageni. Kuingia siwezi, mkwe yuko mle na mdomo umejaa. Nikamgeukia Milka nimtume, Milka yuko chini, amekaa juu ya ndoo, anacheka kile kicheko kisicho na sauti, hawezi hata kusimama. Basi nikafanya lililonijia. Nikaimba. Nikachukua tuni moja ya kanisani inayokwenda polepole, nikaitia maneno mapya, nikaimba kwa utakatifu wote kupitia pazia:

"Msimpe, msimpe, msimpe avokado,
ni sumu kwa ndege, ee Bwana tuokoe…"

Sebuleni Mama Dorca akasimama na kipande mkononi, uso umeng'aa.

"Mama wa nyumba anatuimbia! Sikiliza sauti!"

Na watu wa ziwani ukiwaanzishia wimbo umekwisha. Mzee Absalom akaiingia sauti ya chini, ile ya kutetemesha madirisha: "Tuokoeee…" Mama Dorca akapanda sauti ya juu, anapiga makofi, kipande cha avokado kinarukaruka vidoleni. Hata Gordon, masikini, akiwa amegeukia ukuta, akaitia tenori nzuri. "Msimpe, msimpe," waliimba wote, wametulia, wamefumba macho, na Mama Dorca akiimba "ni sumu kwa ndege" anamsogezea ndege ile sumu mdomoni.

Wakhisi peke yake hakuimba. Niliona maneno yanamwingia sikioni, yanatafuta mahali pa kukaa. Akaruka. "Mama Dorca! Usimpe!"

Akaunyakua mkono wa Mama Dorca, na Karani akamuuma Wakhisi kidole. Wakhisi akapiga yowe. Tundu likayumba, kimlango kikafunguka, na Karani, kipande cha avokado kikiwa kwenye mguu, akatoka tunduni kama kofia iliyopeperushwa.

"Mlango!" Hilo nililisema kwa sauti yangu kamili, wakwe au si wakwe. Mzee Absalom akaupiga mlango teke ukafunga, yeye bila kuinuka, na Wakhisi akavuta dirisha. Karani akazunguka chumba mara kadhaa, vitambaa vya makochi vikaruka, Mama Dorca akaingia chini ya meza nusu, ile nusu iliyoweza. Kisha ndege akaona mahali pazuri, palaini, pa duara, pamewekwa juu kabisa kama kiota alichojengewa na serikali. Akatua kichwani kwa Gordon.

"Funga kamba!" akapiga kelele, kama meli ikifika gatini.

Gordon hakusogea. Sahani ilikuwa bado magotini.

"Mzee," akasema kwa sauti ndogo, "nifanye nini?"

"Usipumue," Mzee Absalom akasema.

Karani akauzamisha mguu mmoja ndani ya zile nywele. Kwenye mguu wa pili alishika avokado, akaitazama kwa jicho moja, akaitazama kwa jicho la pili. Ndivyo anavyofanya. Kasuku hakimbilii chakula kigeni, hukisoma kwanza. Lakini akimaliza kusoma, anakula.

Wakhisi akanyoosha mkono wenye kidole kizima. Karani akaufungulia mdomo. Mkono ukarudi. Mzee Absalom akajaribu kijiko, Karani akakipinda.

"Anakwenda kwa mkono wa nani huyu?" Mzee akauliza.

"Wa shemeji peke yake," Wakhisi akasema. "Mwenye nyumba."

Wote wakalitazama pazia. Kisha wakamtazama Gordon. Kisha wakaona shida ilivyo.

"Hawezi," Mzee Absalom akasema. "Huyo ni mkwe wake."

"Bado si mkwe," Wakhisi akasema. "Hatujaongea mambo ya ng'ombe wa mahari. Leo ni kuonana tu. Aingie amchukue."

Mama Dorca akatoa kichwa chini ya meza. "Ati si mkwe? Tumetoka Asembo yote kuambiwa si mkwe? Absalom, tumefukuzwa!"

"Hapana, Mama, sijasema…"

"Kama ni mkwe, mama asiingie. Kama mama ataingia, basi si mkwe. Chagua, Bwana Wakhisi!"

"Jamani," Gordon akasema, "anaitazama tena."

Kweli Karani alikuwa amemaliza kusoma. Aliiinua avokado, akaigusa kwa ulimi, ule ulimi wake mweusi mdogo. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili. Nikaona wazi: nikikaa nyuma ya pazia, nitamzika. Nikiingia, nimevunja posa ya mwanangu. Na huku nyuma Milka, machozi yakimtiririka, akapata pumzi ya kutosha sentensi moja:

"Mama Nasambu, ingia kinyumenyume!"

Mungu humpa maneno hata mtu aliyekaa juu ya ndoo. Nikajifunika leso kichwani, nikageuka, nikatanguliza mgongo kwenye pazia.

"Naingia," nikatangaza. "Simwoni mtu, na mtu asinione uso!"

Gordon akajitupia kitambaa cha meza usoni. "Sioni, Mama! Samahani, Mama! Kichwa changu kiko huku!"

Nikaingia, mkono mmoja nyuma kama mkia, nikagonga kabati. Sikuwa najua sebule yangu ni kubwa vile. Ndipo nikasikia mkono unapiga ukuta, pa-pa, vile taniboi anavyopiga bodi ya lori, na sauti nzito ya shemeji yangu, mtu wa heshima, mwenye nafasi ya baba:

"Rudi! Rudi, rudi, rudi… kata kulia! Kulia, Mama, kuna meza! Nyoosha sasa. Rudi taratibu… rudi… mzee, toa mguu, gari linapita! Rudi, rudi… simaaama!"

Pa-pa, akapiga ukuta.

Nikasimama. Mkono wangu ulikuwa hewani, sijui juu ya nini. "Karani," nikamwita, "njoo kwa mama."

Nikasikia anafikiri. Kisha zile kucha baridi zikanipanda kidoleni, moja, nyingine, na uzito wake mdogo ukatulia kwenye mkono wangu. Nikaenda mbele moja kwa moja bila kugeuka, nikapita pazia, nikaketi chini jikoni mlangoni pa nje penye hewa safi, na hapo ndipo nikamtazama. Mguu ulikuwa mtupu. Mdomo ulikuwa na utelezi wa kijani.

"Amekula!" nikapiga kelele kupitia pazia. "Angalieni nywele za huyo kijana! Mkiipata yote, ni mzima. Mkiipata nusu, ni maiti!"

Sasa hapo mambo ya heshima yakaisha kabisa. Mama Dorca akakishika kichwa cha Gordon kama anavyokagua samaki, Mzee Absalom akavaa miwani, Wakhisi akaleta taa ya mkono mchana kweupe.

"Hapa kuna kidogo."

"Huo ni ugali."

"Ugali umefikaje huku?"

"Kijana, hiki si kichwa, ni duka. Inama. Inama zaidi."

"Nimepata! Kipande kikubwa hiki!"

Wakati huohuo mlango wa chumbani ukafunguka na Nasambu akatoka. Tulikuwa tumempangia atoke polepole, amebeba maji ya kunawa, macho chini. Alitoka amejipamba kama malkia, akakuta wazee watatu wamepiga magoti juu ya mchumba wake na taa.

"Mnatafuta chawa?" akauliza.

Gordon akacheka kwanza. Ndiye aliyekuwa na haki. Kisha ikawa hakuna anayeweza kuzuia. Mama Dorca alikaa chini kabisa akapiga sakafu kwa viganja, Mzee Absalom akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamwona tena Gordon, akaanza upya. Mimi jikoni nilicheka huku nalia, kwa maana walipovikusanya vile vipande mezani, ilikosekana sehemu ndogo, kama ukucha. Na ukucha kwa ndege wa namna ile si kitu kidogo.

Wageni walipoinuka, Wakhisi alijikaza tena, kidole kimefungwa kitambaa. "Wazee wangu, tunaomba radhi kwa aibu hii. Ndege huyu leo hii anakwenda hotelini. Hamtamkuta tena hapa."

Mzee Absalom alikuwa akivaa kofia. Akaivua.

"Bwana Wakhisi, sisi tulikuja kuona watu wa nyumba hii. Tumewaona, na mmoja ametua kichwani kwa mtoto wetu. Huwezi kumkalia mtu kichwani halafu kesho tukaambiwa umehamia stendi. Tutakapokuja kwa habari ya ng'ombe, tutauliza: yule bwana wa koti la kijivu yuko wapi? Na tungependa tumkute mzima."

"Mzima!" Mama Dorca akaongeza. "Na mimi nitamletea ndizi. Ndizi si sumu?"

"Ndizi si sumu, Mama!" nikajibu nyuma ya pazia.

Wakhisi aliondoka amenyanyua kidole kama mtu anayeomba ruhusa shuleni.

Asubuhi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya tundu. Karani alikuwa amejikunyata kwenye kijiti, manyoya yamemfura kama mpira, hasemi. Sikumsikia hodi, sikumsikia chai. Mahindi hakuyagusa. Nilikuwa nimetandika gazeti safi chini ya tundu, na macho yangu yalikuwa hapo, kwa sababu ndege mgonjwa huficha ugonjwa usoni lakini hawezi kuuficha chini. Kikitoka kinyesi kizuri, chenye kijani chake na cheupe chake, tumbo linafanya kazi. Kisipotoka, basi. Niliomba. Mtu asinicheke kwa nilichoomba.

Nikasikia hatua, na Wakhisi akaingia na kikapu.

Kikapu kile nilikijua: kirefu, chenye kifuniko, ndege angeenea vizuri. Nikasimama mbele ya tundu.

"Shemeji, leo ni mgonjwa. Usimchukue leo."

"Nani amesema namchukua?" Akafunua kikapu. Kulikuwa na mahindi mabichi, sukuma wiki, na karanga ambazo alikuwa amezimenya mwenyewe, kwa kidole kilichofungwa. "Sikulala. Yule mzee ameniuliza mbele ya watu. Ndege akifa, Asembo nitakwenda kusema nini? Kwamba tumeshindwa kumlinda mtu aliyekaa kichwani kwa mkwe?" Akainama karibu nami, akashusha sauti. "Ameenda choo?"

"Bado."

"Hata kidogo?"

"Shemeji, ningekwambia."

Akavuta kigoda. Tukaketi wawili tukilitazama gazeti kama watu wanaosubiri habari za redio. Karani akatutazama kwa jicho moja, akatutazama kwa lile lingine. Akajitikisa, manyoya yakalala. Akainua mkia ule mwekundu.

Wakhisi alifika kwenye gazeti kabla yangu. Alipiga magoti na suruali ya kazi, akavaa miwani.

"Hii ya kijani ni yake?"

"Ni yake."

"Na hii nyeupe?"

"Ni yake, shemeji. Ndivyo inavyotakiwa iwe."

"Haleluya," akasema polepole, kwa ile sauti ya kanisani, bado ameinamia gazeti. Nje lori lilikuwa linampigia honi. Akampungia taniboi wake mkono dirishani asubiri, akarudi kwenye kigoda, kwa sababu, alisema, kinyesi kimoja kinaweza kuwa cha bahati, na yeye haendi kokote mpaka aone cha pili.